Msimbo wa Mkwezi

Walisema sitafika popote. Mtoto wa Utende aliyekulia kwenye kufua nazi, walisema, atafeli mtihani wa kwanza huko bara na kurudi na madeni ya watu. Nilirudi na stashahada ya kumbukumbu za afya, na nikaibeba mkononi tangu gatini mpaka nyumbani ili kila mtu aione. Leo hospitalini petu hakuna faili linalofungwa kabla sijaliwekea msimbo, ile namba inayotaja ugonjwa. Wenzangu walikuwa wakikisia. Mimi sikisii.

Ndipo likaja faili la mkwezi. Alikuwa akimwangulia shangazi yangu nazi, asubuhi iliyofuata mvua, akafia wodini bila kutamka neno. Muuguzi aliandika alichoambiwa na waliomleta: ameanguka mnazi, kapooza upande wa kulia. Hakukuwa na zaidi. Ndugu zake wakatangaza kwamba shangazi amemuua kwa kumpandisha mti uliolowa, na kisimani wanawake wakaacha kumsalimia.

Shangazi, aliyenikopesha sehemu kubwa ya ada, akanifuata kazini. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa.

"Mwanangu, hakuanguka yule. Andika hivyo."

Nilimjibu kwamba siandiki nisichokisoma. Hata hivyo sentensi ile ya muuguzi ilinikera. Kwetu mkwezi akikutwa amelala chini ya mnazi, hakuna anayeuliza; watu husema tu ameanguka. Nikamtafuta mwenzake aliyekwea naye siku ile. Alisema jamaa alishuka kwa miguu yake, akavua kitanzi cha kukwelea miguuni, akaomba maji huku mdomo umekwenda upande, kisha akateleza taratibu kando ya shina.

Maneno ya shambani hayatoi msimbo, kwa hiyo niliyapeleka kwa daktari pamoja na faili. Akakumbuka kwamba alimkagua kichwa na mwili, hakuona jeraha wala uvimbe, hakuandika tu. Akaandika hapo hapo, akasaini: kiharusi. Kisha akataka niweke msimbo wa kiharusi cha damu kuvuja ubongoni.

"Presha yake ilikuwa juu mno," alisema.

"Presha siyo picha, daktari."

Mashine ya kupiga picha ya ubongo iko bara, na marehemu hakuiwahi. Nikaandika I64, kiharusi ambacho haijulikani kama mshipa ulipasuka au uliziba. Wachache wana kifua cha kuandika kwamba haijulikani.

Daktari aliwaita ndugu, akawaeleza kwamba maradhi ndiyo yaliyomuua. Kaka mkubwa wa marehemu hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Shangazi yako kakusomesha. Leo umemlipa kwa kalamu."

Nikauza pikipiki yangu, ile iliyowaziba midomo waliosema sitafika popote. Ijumaa baada ya swala nikawazungukia wote walionikopesha, kila mmoja nikamkabidhi chake mbele ya mashahidi. Shangazi nilimweka mwisho, na yule kaka nikamwita aje aone kwa macho yake. Alikuja. Aliona shangazi akifunga fedha kwenye pindo la kanga, akageuka, akaondoka bila kuaga.

"Huyo hatanisalimia tena," shangazi alisema. "Lakini wewe sasa huna deni."

Kweli, sidaiwi na mtu kisiwa kizima. Nyuma ya nyumba ya shangazi nazi ikadondoka yenyewe, na nyingine zilikuwa zimelala kwenye majani, zimeanza kuota. Tangu msiba ule hakuna mkwezi aliyekubali kumwangulia.