Nilihesabu karata za blackjack Kigoma, aliyeshtukiwa akawa dealer

Wakuu, mwakeye. Na nyie msiojua Kiha, habari za kutwa.

Juzi kuna dogo kafungua uzi humu, anauliza kama mtu anaweza kuhesabu karata kwenye blackjack kama hobby tu, kasino wasimshtukie. Mkamvamia. Mmoja kamwambia hayo ni ya kwenye muvi, mwingine kamwambia akalime. Mnapenda kuwatuma wenzenu wakalime nyie, wakati wengine hata jembe hamna.

Mimi nimefanya hicho kitu. Si Ulaya, si Dar. Kigoma hapa hapa, tena enzi za wakimbizi. Atakayeita chai, kwamba natunga, aite, ila amalize kusoma kwanza.

Miaka ile watu walikuwa wanavuka ziwa kutoka Kongo na Burundi kila kukicha. Mji ulijaa magari meupe ya mashirika na wageni wa kila lugha. Vyumba vilipanda bei mpaka wenyeji wengine wakahamia jikoni ili wapangishe.

Nilikuwa fundi redio, nina kibanda changu Buzebazeba. Kazi haikukosekana. Mtu anaweza kuvuka bila godoro, lakini redio kaja nayo, maana anataka asikie kwao kumekuwaje.

Ndivyo nilivyomfahamu Ramazani. Mtu wa Kalemie, mrefu, mpole, shati limepigwa pasi muda wote. Alikuwa anakaa Kasingirima na mkewe, aliyekuwa mjamzito. Kabla ya vita alikuwa dealer kwenye kasino moja Lubumbashi.

Sasa kulikuwa na Mzee Gervas, mtu wa Kasulu, aliyefungua kihoteli karibu na ziwa kwa ajili ya hao wageni wa mashirika. Aliposikia wazungu wanapenda blackjack, akachongesha meza moja, akamchukua Ramazani awe mgawa karata. Akamfuatilia na kibali cha kukaa mjini.

Hapo mshike vizuri wakuu. Kile kibali kilisimama juu ya ile kazi. Kazi ikiisha, Ramazani na mkewe wanapanda lori la kambini, mimba na yote.

Kwa wasioujua mchezo: unashindana na dealer, nani atakaribia ishirini na moja bila kuipita. Mzungu mmoja wa shirika la kuchimba visima aliniletea redio, na wakati namtengenezea akanifundisha kuhesabu. Karata ndogo, mbili mpaka sita, ikitoka unaongeza moja kichwani. Kumi, zenye picha na ree (ile ya A), ikitoka unatoa moja. Saba, nane na tisa unaziacha zipite. Pakiti nzima ikiisha, hesabu inarudi sifuri. Hesabu ikiwa juu, ujue kubwa bado zimo, ongeza dau. Basi. Hakuna uchawi wala wizi, ni kichwa chako tu.

Nikanogewa. Kibandani nachomea waya huku nafunua karata moja moja. Wateja wakadhani nimeanza kupiga ramli.

Kilichonitesa ni saba. Wazee wa arubasitini, ule mchezo wetu wa karata wa barazani, mtanielewa. Kwenye arubasitini saba ni kubwa, inapitwa na ree tu. Nimekua naiheshimu saba tangu sijaota ndevu, leo mzungu ananiambia niiache ipite kama si kitu! Kila ikitoka kichwa changu kinaihesabu na wakubwa. Nilihangaika nayo muda mrefu sana.

Nilipoiva nikaanza kwenda kwa Mzee Gervas Jumamosi mchana. Dau langu dogo. Napiga stori, nawatania wazungu, mara nyingine nafungwa kwa makusudi, halafu naondoka mapema wakati wenzangu wamenogewa. Faida yenyewe ilikuwa soda na sahani ya samaki, migebuka. Raha yangu ilikuwa kujua kinachokuja kabla hakijaja. Aisee, ile raha!

(Wale wa kamari ni haramu, nimewasikia. Ramazani mwenyewe alikuwa swala tano, akiniambia, "Miye nagawa tu, sichezi." Nyumbani nilisemwa vya kutosha, msinirudie.)

Hakuna aliyenishtukia. Ila kumbe nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao mimi mwenyewe sikuuona.

Mcheza arubasitini akishika turufu ya maana hakai. Anainuka, anaibamiza mezani, benchi zima linashtuka. Na mimi kila hesabu ikiwa nzuri nilikuwa nainuka kwenye kiti. Nainuka, naweka dau, nashinda, nakaa.

Mzee Gervas alikuwa ananitazama kutoka kaunta. Na yeye ni mgonjwa wa arubasitini, kila Jumapili baada ya misa yuko barazani. Kule mnacheza wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mbele yako, mnatazamana. Kukonyezana ndiyo wizi wenyewe, na kila mtu anaujua.

Sasa niambieni, kwenye blackjack nani kakaa mbele yangu?

Ramazani.

Jumatatu asubuhi akaja kibandani. Hana redio mkononi, na shati halijapigwa pasi. Nikajua kuna jambo.

"Bosi anasema mimi na weye tuko wawili," akaniambia. "Anasema nakukonyeza. Kesho nirudishe funguo za hoteli, kazi imeisha."

Nikamwambia hata siku moja hujanikonyeza, mimi nahesabu.

"Najua unahesabu. Kule Lubumbashi watu kama weye tuliwapa kahawa, kisha tukawafungulia mlango. Nilimwambia Bosi unahesabu. Anasema hakuna kichwa cha mtu kinaweza vile." Akakaa kwenye benchi langu. "Bibi yangu iko na mimba kubwa. Kule kambini atazalia fasi gani?"

Wakuu, roho iliniuma. Mimi nachezea hobby yangu, mwenzangu anapakiwa lori! Nikafunga kibanda, nikamshika mkono, tukaenda.

Mzee Gervas alikuwa anakagua samaki jikoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia kwa mbali, kama mtu anayefukuza nzi.

Nikamwambia, "Mzee, mtoe Ramazani nje kabisa. Chukua karata zako, zichanganye mwenyewe. Nifunulie moja moja mpaka ibaki ya mwisho. Hiyo usiifunue. Nitakwambia kama ni kubwa, ndogo au ya katikati."

"Ukikosea?"

"Nikikosea mzee, utafanya unavyotaka."

Mdomo uliponza kichwa hapo hapo. Nilikuwa nimeweka dau la mtu mwingine, na mwenyewe kasimama nje juani, dirishani tunaona mgongo wake tu, maana mzee alimgeuza aliangalie ziwa.

Akaanza kufunua. Wapishi wakaacha masufuria. Ikabaki moja.

"Ndogo," nikasema.

Akaifunua. Mfalme wa shupaza.

Mzee Gervas akaanza kukusanya karata zake taratibu bila kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Mpishi mmoja akasema, "Maskini Ramazani," na mimi nikahisi machozi.

Ndipo nikaona, kati ya zile alizokuwa anakusanya, saba ya kopa na saba ya uru. Nikapiga paji langu la uso mpaka likalia.

"Saba! Mzee, nimezihesabu saba mbili na wakubwa!"

Mkono wake ukasimama. "Umefanya nini?"

"Kwenye hesabu hii saba si kitu, inaachwa ipite. Mimi kwa woga nimezipa ukubwa wake wa arubasitini. Mbili nzima! Ningeziacha, ningekwambia kubwa."

Akanitazama. Akaitazama saba ya kopa. Halafu mzee akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni, akashika meza.

"Saba huwezi kuiacha ipite," akasema. "Hata mimi nisingeweza!"

Akachanganya tena. Safari hii nikawa nainong'oneza kila saba, "pita mama, pita." Ikabaki moja. Nikasema kubwa. Akafunua: ree ya pau. Wapishi wakapiga kelele, lakini nawaambia ukweli, mzee hata hakuitazama sana. Alishaamini tangu niliposhindwa.

"Mtu anayekonyezwa na mwenzake," akasema, "hawezi kukosea kijinga vile. Huyu yuko peke yake."

Akafungua dirisha. "Ramazani! Ingia ndani, jua kali. Funguo baki nazo."

Ramazani aliingia, akakaa kwenye kiti changu cha siku zote pale meza ya blackjack, akafunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanacheza. Mpishi akamletea chai.

Mimi nikafungiwa ile meza moja kwa moja. Hobby ikafa siku hiyo, na sikuililia. Mtoto akazaliwa mjini, hospitali, wa kike. Leo ni mama mwenye watoto wake, na Ramazani bado yuko Kasingirima, shati limepigwa pasi.

Kwa hiyo dogo, jibu lako ni ndiyo, inawezekana. Ila wewe ukijificha vizuri, lawama haipotei, inamtafuta aliye karibu. Kabla hujaweka dau, mtazame aliyekaa mbele yako, ujiulize ukishinda yeye atalala wapi.

Mniulize chochote, nipo. Wa chai waje na karata zao, tuonane.

Ah, nimesahau. Jumapili ile baada ya misa Mzee Gervas aliniita barazani. Watu wamejaa, arubasitini imechangamka. Akamwinua mwenzake wa miaka yote, akanionyesha kile kiti kitupu.

"Kaa hapa," akasema. "Mbele yangu."