Sura Ambayo Mzee Hakuisikia

Chepkoech hakuwa mwandishi. Alikuwa injinia wa umeme wa mvuke wa ardhini, na ofisi yake ilikuwa Parramatta mpaka korona ilipomleta kufanyia kazi kwenye meza ya jikoni, Blacktown, mtaa wa Sydney tulikokuwa tukiishi mimi na yeye. Miaka ya nyuma alipelekwa Iceland kusomea mvuke. Wenzake walirudi na cheti na sweta. Yeye alirudi na lugha, na riwaya moja aliyoapa kuitafsiri kwa Kiswahili. Nilimwambia ana wazimu, anahangaika na lugha ya watu wasioijaza hata Blacktown.

Riwaya ilimhusu msichana anayechunga kondoo, na kondoo jike wanayemwita kiongozi, yule ambaye dhoruba ikija hutangulia na kundi lote humfuata hadi nyumbani. Chepkoech alijua ni nani wa kumwambia kama maneno yamekaa sawa: baba yake. Mzee alichunga mifugo maisha yake yote kwenye ranchi huko Laikipia, na wachungaji wa kila kabila, Kiswahili kikiwa lugha yao wote. Basi kila Jumapili Chepkoech alimpigia simu na kumsomea sura moja. Mzee aliiweka spika, wazee wenzake wakasogea.

"Hapo umekosea," angesema. "Kondoo akishtuka hupiga mguu chini kwanza, ndipo akimbie."

Aliposikia kwamba huko nao huwatia mifugo alama kwa kukata masikio, alicheka sana. "Hao ni watu wetu. Baridi tu ndiyo imewazidi."

Ikafika sura ambapo msichana anapotelea kwenye ukungu mlimani. Ikabaki moja tu, ya mwisho.

"Yule binti alirudi?" mzee aliuliza.

"Ngoja kidogo, Baba. Bado iko rough. Nipe two weeks nii-polish."

Hizo wiki mbili zikawa miezi. Jumapili wakawa wanaongea habari za mvua na ng'ombe tu, na kabla ya kukata simu mzee anauliza tena. Sura ilikuwa tayari, nilimsikia akijisomea akiosha vyombo. Lakini angebadili neno, alirudishe, alibadili tena. Siku moja nikamfokea.

"Wee Chepkoech, si umsomee tu mzee wa watu! Huyo ni babako, si publisher."

"Draft haitoki kwa hii nyumba, Shirleen."

Agosti 2021, tukiwa lockdown, mzee akaugua mapafu. Viza ya Chepkoech ilikuwa ya muda: akitoka Australia, mipaka imefungwa, harudi. Alipokuwa bado anajiuliza aende au abaki, baba yake akafariki.

Mazishi tuliyatazama kwenye laptop, nimemshika mkono, mtandao ukikatika kila mara. Mzee mmoja aliyechunga naye akasimama kutoa salamu. Akasema marehemu alichoka kungoja, kwa hiyo aliwamalizia mwenyewe ile hadithi ya ng'ambo kabla hajalazwa. Binti alirudi, akaeleza, ameshikilia manyoya ya kondoo kiongozi, na baba yake amesimama getini anamngoja. Waombolezaji wakapiga makofi.

Chepkoech akafunga laptop. Ndipo nilipomuuliza riwaya yenyewe inaishaje.

"Kondoo anarudi na kundi lote," alisema. "Yeye harudi."

"Ndiyo maana hukutaka kumsomea?"

"Hapana. Nilitaka tu ikae poa." Akalia mpaka nikaogopa. Nilikuwa na hasira naye bado, na huruma pia, na sikujua nimpe ipi kwanza.

Aliimaliza tafsiri mwaka uliofuata, na mchapishaji mmoja wa Nairobi akaikubali. Nilimsihi atumie mwisho wa mzee. Akakataa katakata: mwandishi aliandika harudi, basi harudi.

"Kwa kitabu siwezi," alisema. "Lakini Baba angeniuliza tena kwa simu, Shirleen, huyo ningemdanganya."