Gwaride la Miguu Mitupu

Pale kituo cha polisi walimwita Rula, na jina hilo halikumkera. Alikuwa sajini wa gwaride la utambulisho. Shahidi akitakiwa kumtambua mtuhumiwa, yeye ndiye aliyetafuta watu wa kusimama naye mstarini, na aliwatafuta kwa makini ya mzazi anayemtafutia mwanawe mchumba. Mwenye ndevu alisimama na wenye ndevu, mfupi na wafupi wenzake. Askari walimtania kwamba siku binti yake akiposwa, bwana harusi atasimamishwa ukutani apimwe urefu kwanza.

"Nyie endeleeni kukadiria kwa macho," aliwajibu. "Macho hayafungwi jela. Anayefungwa ni mtu."

Jambo moja alilibuni mwenyewe. Mahabusu huvuliwa viatu na mkanda anapoingizwa selo, na zamani alisimamishwa mstarini na ndala za kituo, katikati ya watu waliovaa viatu vyao. Hata shahidi mwenye makengeza angemjua. Rula akaamuru wote wavue, mstari mzima, awe karani au msukuma mkokoteni. Vituo vingine vikaiga, na mkuu wa kituo akatamba nalo kana kwamba ndiye aliyelizaa.

Ndipo akaletwa mchomeleaji. Alituhumiwa kuvunja kibanda cha mama fundi cherehani alfajiri, kumpiga kichwani na kutoweka na cherehani yake. Alikamatwa mtaa wa pili, akiwa na nondo mkononi. Mchomeleaji kukutwa na nondo si ajabu, lakini alfajiri ile ilitosha kumtia selo.

Rula alimkusanyia wenzake wa umbo na rangi yake, akawavua viatu wote, kisha akamuuliza kama sheria inavyotaka, "Unapenda kusimama wapi, mwanangu?"

"Karibu na dirisha, mzee. Angalau nipate hewa."

Mama fundi aliingia na bandeji kichwani. Alipita mbele ya nyuso zile polepole, akafika mwisho, akarudi. Uso wake ulionyesha kwamba hana hakika. Kisha Rula akaona macho yake yakishuka sakafuni.

Miguu ya wale waliookotwa barabarani ilikuwa mikavu, na alama za kandambili. Miguu ya mchomeleaji ilikuwa imetoka kwenye sakafu ya selo, inayomwagiwa maji kila asubuhi na isiyokauka. Ilikuwa imepauka na kukunjamana kama vidole vya dobi, na weusi umekwama kwenye kucha. Mama fundi akanyanyua macho, akamshika bega.

"Ni huyu."

Rula alikuwa amepima kila kitu kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu.

Hakungoja jioni. Alibisha mlango wa mkuu wa kituo, akasema alichokiona.

"Alimgusa, hakumgusa?" mkuu aliuliza.

"Alimgusa, afande. Lakini alichagua miguu. Na viatu niliwavua mimi."

"Rula, acha kutafuta chawa kwenye upara. Angekuwa mwingine ningesema kahongwa."

"Basi turudie, afande. Watu wengine, siku nyingine."

"Ameshamwona. Ukirudia atamchagua tena, na safari hii ni kwa sura. Au utampa macho mapya?"

Mkuu alikuwa amesema kweli, na Rula alilijua hilo. Hakujua kama mchomeleaji ni mwizi au si mwizi. Angejua, angepata mahali pa kushika. Alichojua ni kwamba mtu yule alichaguliwa kwa sababu alikuwa mahabusu, na kwamba kilichomwanika ni haki ya Rula mwenyewe, ile aliyojivunia miaka yote.

Mahakamani alivaa sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama watu walifanana. Walifanana. Kama wote walivua viatu. Wote. Kwa nini? Ili wawe sawa. Kila jibu lilikuwa kweli, na kila kweli ilikuwa tofali juu ya tofali kumzungushia mtu ukuta.

Mchomeleaji hakuwa na wakili. Hakimu akamwambia amuulize shahidi maswali.

"Sina swali, mheshimiwa," alisema. "Huyu mzee hana ubaya na mimi. Ndiye peke yake aliyeniuliza nataka nini."

Rula hakushuka kizimbani. "Mheshimiwa, kuna jambo sikuulizwa," alisema, akaeleza macho, sakafu, maji, kucha. Hakimu akavua miwani, akamgeukia mama fundi.

"Mama, ulitazama miguu?"

"Nilimtazama usoni, mheshimiwa. Sura ile nitaisahau vipi?"

Hakusema uongo. Tangu gwaride alikuwa amemwona mahakamani kila kesi ilipotajwa, na sura imekwisha kukaa mahali pake, juu ya alfajiri ile.

Katika hukumu hakimu alimsifu Rula. Alisema askari anayejitilia shaka hadharani ni nadra, na gwaride lililopangwa na mtu wa namna hiyo ndilo la kuaminiwa. Kisha akasoma kifungo. Mtu mwadilifu ana hatari yake: watu huacha kumkagua, na akijikagua mwenyewe, huhesabu hilo nalo kuwa ni sifa.

Baada ya hukumu mama yake mchomeleaji alikuja kituoni kuchukua vitu vya mwanawe. Rula alifungua stoo mwenyewe. Palikuwa na mkanda na buti za kazi, zilizotobolewa na cheche za moto. Akaziweka kaunta.

"Asante, baba," alisema yule mama. "Mwanangu ameniambia ulimtendea haki."

Rula alitaka kumwambia kwamba haki ile ndiyo iliyomfunga, lakini angemwachia nini aende nacho nyumbani? Akamsogezea buti.

Mama alizigeuza buti, akapangusa vumbi kwa upande wa kanga. "Huko walikompeleka wanawapa viatu?"

"Sijui, mama."

"Basi zikae hapa kwako. Atakuja kuzichukua mwenyewe."

Akazisukuma zikamrudia Rula mikononi, akaondoka. Nyuma ya Rula askari alikuwa akipanga watu ukutani kwa kesi nyingine.

"Rula," aliita, "tuwavue viatu?"

Rula alikuwa bado ameshika buti.