Pasi ya Mkaa Juu ya Pinball ya Kambini

Nilimng'oa mwanamke uso kwa pasi ya mkaa, mchana kweupe, ndani ya kambi ya jeshi Kasese. Hakuna aliyenikamata.

Tulia. Mwanamke mwenyewe alikuwa amechorwa kwa rangi juu ya ubao.

Mwaka 2013 nilikuwa Bwera, naandika majina kwenye malori. Kubandua stika kuukuu hakuna aliyenifikia. Unapitisha pasi ya moto, gundi inalegea, unavuta. Basi nikajiona profesa.

Lillian, mke wa sajini, akaniita kwenye kantini yake pale kambini. Alikuwa na pinball, lile sanduku la miguu minne lenye kioo juu. Unafyatua kipira cha chuma, kinagonga taa, kengele zinalia. Ilitoka klabu ya zamani ya mgodini, na ndiyo iliyomjazia wateja.

Sasa kipira kilikuwa kinakwama. Bwege mmoja alibandika nailoni juu ya ubao wa kuchezea, eti analinda picha ya mwanamke iliyochorwa pale, kama wanavyoacha nailoni kwenye viti vya gari jipya. Joto likaivimbisha, ikawa na ukungu hata picha haionekani.

"Afande amesema kama Ijumaa haichezi, iko kuni," Lillian akaniambia. "Bila hii mashine chai nitauzia nani?"

Nikawasha mkaa.

Asmah, muuza samaki wa Katunguru, alikuwa ameleta samaki pale. Akachungulia.

"Kaka, hiyo moto itabeba rangi. Weka barafu. Gundi ikishika baridi inaachia yenyewe."

Nilicheka hadi wanajeshi wakageuka. "Mama, hii si samaki ngege. Rudi kwa samaki zako."

Nikapiga pasi, nikavuta. Kipande cha nailoni kikaja na uso mzima wa yule mwanamke. Ukabaki ubao mtupu.

Lillian akakaa chini.

Asmah akajaza barafu ya samaki kwenye mfuko, akaulaza juu ya nailoni iliyobaki. Baada ya muda kona ikajiinua. Akabandua taratibu, rangi yote ikabaki ubaoni. Akapangusa unyevu upesi, akapaka nta kwa kitambaa laini. Kipira kikateleza.

"Nani alikufundisha?" nikauliza, kiburi bado kimenijaa.

"Baba. Alitunza hii mashine miaka kumi na saba kule klabu. Alituambia huyo mwanamke anafanana na mama. Mama alikufa nikiwa mutoto, hakuacha picha. Leo nilikuja kumuona."

Nikasema nitamchora upya, bure.

"Utachora nani?" akaniuliza. "Wewe unamujua?"

Akabeba samaki wake akaondoka.

Ijumaa mashine ikacheza. Afande akanipongeza mbele ya watu, akaninunulia soda. Nikainywa yote, mjinga mimi, na jina la Asmah sikulitaja.

Wewe unayemcheka mtu kwa harufu ya kazi yake, mwache kwanza amalize kusema. Mimi sikumwacha, na uso ule hakuna fundi wa kuurudisha.