Kicheko Kwenye Kanda ya Profesa Pruett

Verna Hostetler aliomba kazi kwenye maktaba ya muziki ya chuo alichosomea huko Ohio ili aibe kitu kimoja, kisha aache kazi. Miaka thelathini na mitano baadaye alikuwa bado yupo na hajaiba kitu, na ufunguo wa kabati la kanda ulikuwa wake. Kazi ilimnogea. Alikuwa mkali wa kanuni pia: kila anayesikika kwenye kanda, jina lake liandikwe kwenye boksi.

Kitu chenyewe kilikuwa kanda ya mwaka 1975, ya onyesho la kwanza la muziki wa watu watano alioutunga Profesa Alden Pruett. Verna, mwanafunzi wa miaka ishirini, alikaa kando ya mpiga piano akimfunulia kurasa. Kurasa chache kabla ya mwisho, ukumbi mzima umeinamisha vichwa kwa huzuni, basuni, lile zumari refu lenye sauti ya tumboni, likalia kama ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa. Verna akaangua kicheko. Hakikuwa cha adabu hata kidogo. Kilipanda, kikapanda, kikaishia na mlio wa bata. Mgongo mpana wa mpiga piano ulimficha kwa watazamaji, na makofi yalipoanza tu akatoroka kwa mlango wa nyuma.

Chuoni ikasemwa kwamba kicheko kile kilimvunja Profesa moyo mpaka akafa nacho. Watu walimlaani aliyecheka bila kumjua, na Verna akalaani pamoja nao, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa amekuja Philippa, binti wa marehemu, mama wa miaka sabini kutoka Boston, anataka muziki wa baba yake utolewe upya.

"Ila hicho kicheko kikatwe," alisema. "Sitaki kukisikia tena."

Mkataji ni Verna. Wembe mara moja tu na aibu yake ingekwisha, kwa amri ya familia yenyewe. Furaha ilimjaa mpaka vidole vikamcheza. Kilichobaki ni kuisikiliza kanda ile mbele ya watu bila kucheka.

Kanda za zama zile zikizeeka hunata, na dawa yake ni kuzioka kwa moto mdogo saa nane mfululizo. Verna aliioka kwenye kikaushio chake cha matunda kutoka nyumbani.

"Bi Verna, leo tunasikiliza au tunakula?" aliuliza Curtis Beamon, fundi wa sauti, akinusa. "Kanda inanukia matufaha."

"Kaa chini, Curtis. Njaa yako haina adabu."

Kanda ikazunguka. Verna akauma mdomo, akafikiria kodi, akafikiria mazishi. Basuni likalia. Kicheko cha binti wa miaka ishirini kikapanda kwenye spika, na cha mama wa miaka hamsini na saba kikapanda nacho, sambamba, mpaka kwenye bata.

Curtis akaitazama spika, akamtazama Verna.

"Hebu rudia hicho cha mwisho, Bi Verna."

"Kipi?"

"Hicho cha bata."

Philippa alikuwa amesimama. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Bi Pruett. Nilikuja hapa kuiiba hii kanda. Nisamehe." Na bado mabega yalikuwa yakimtikisika, maskini, kicheko hakimwachi.

Hakuna aliyekumbuka kuzima mashine. Muziki ukaisha, makofi yakaisha, viti vikakwaruza, kisha ikaja sauti ya mzee.

"Baba huyo," Philippa alinong'ona.

"Nani aliyecheka?" iliuliza ile sauti.

"Binti wa kurasa, Profesa," ilijibu sauti nyingine kwenye kanda. "Tunaomba radhi."

"Radhi ya nini? Miaka thelathini naliandikia basuni mizaha, watu wanakaa kama wako matangani. Huyo ndiye wa kwanza kusikia. Mleteni nimpe mkono."

Hatua za mtu zikaenda, zikarudi. "Ametoroka, Profesa."

Philippa akarudi kitini taratibu. Alianza kwa kufuta macho, akamalizia kwa kucheka, na cha kwake nacho hakikuwa cha adabu.

"Weka huo wembe mbali," alisema. "Usikate hata nukta."

Curtis akasukuma boksi na kalamu mbele ya Verna. "Kanuni ni kanuni, bibie. Miaka ishirini umenigombeza nayo."

Kwenye boksi palikuwa na majina matano, la mwisho la mpiga basuni. Verna akachukua kalamu, akaandika chini yake: Verna Hostetler, kicheko.