Chungu Chenye Mlenda

Miaka ile ya soko huria, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu, nilikuwa mwanagenzi wa kujitolea kwenye mradi wa kusaidia mafundi na wafanyabiashara wadogo. Kujitolea maana yake nilipewa nauli na ushauri. Nilipanga chumba Nkuhungu, na asubuhi nilipanda pikapu ya mradi kwenda vijijini kuwafundisha watu walionizidi umri namna ya kuuza vitu walivyotengeneza. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuza hata karanga.

Kikundi changu cha kwanza kilikuwa cha kina mama wafinyanzi, upande wa Bahi. Nilikuta kibanda chao kimefungwa kufuli. Jirani akanielekeza mnadani, na huko nikamkuta mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuwashinda ng'ombe, amezungukwa na ndoo za plastiki.

"Shikamoo mama. Nimetumwa kuwafundisha mambo ya soko."

"Marahaba mwanangu. Soko ndilo hili," akasema, akaendelea kuita wateja.

Alipopata nafasi aliniambia, bila kuona haya, kwamba tangu ndoo hizi ziingie hakuna anayeteka maji kwa mtungi wa udongo. "Ndoo ikianguka unaiokota. Mtungi ukianguka unaokota nini?"

Somo langu la siku ile lilihusu kumsikiliza mteja. Nikaliacha, nikamsaidia kupanga ndoo.

Niliporudi ofisini, mkuu wangu alikuwa na habari njema: mama mmoja wa Kizungu kutoka kwa wafadhili alikuwa anakuja kuona ufinyanzi wa asili. Nikamweleza habari za ndoo.

"Hayo ni mambo madogo," akasema. "Waambie wajiandae."

Nikapeleka ujumbe. Mwenyekiti hakushtuka. "Anataka vyungu? Ataviona."

Siku ya ugeni kibanda kilikuwa kimefagiliwa, vyungu vimepangwa juu ya khanga: vingi vya kuazima nyumba kwa nyumba, vichache vimefinyangwa harakaharaka. Kina mama waliimba. Mkuu wangu akahutubia juu ya ubora, kwamba chungu cha kuuzwa kiwe laini, safi, kisicho na doa. Mgeni aliitikia kwa kichwa, hakugusa kitu. Kisha akaomba kwenda msalani, nami nikamsindikiza nyuma ya nyumba ya mwenyekiti.

Huko tulimkuta mama mkwe wa mwenyekiti, bibi mkongwe, akipika mlenda kwenye chungu cheusi kwa masizi, chenye mdomo uliomeguka upande mmoja. Mgeni akasimama kama aliyekutana na ndugu yake.

"Nakitaka kile," akaniambia.

Nilimsalimu bibi kwa Kigogo changu cha kuokoteza, kisha nikampa ujumbe kwa Kiswahili.

"Na mboga yangu je?" akauliza.

Nikatafsiri. Mgeni akasema atasubiri iive. Bibi akataka kujua ana watoto wangapi, maana chungu chenyewe kidogo. Ikabidi niseme ukweli: hatakipikia, atakiweka sebuleni watu wakitazame.

"Kitupu?"

"Kitupu, bibi."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mwenyekiti akaja mbio akidhani kuna ugomvi. Alipoelewa, aliagiza beseni, mlenda ukamiminwa humo, na chungu kikaenda garini kingali cha moto, kimebebwa na mkuu wangu, masizi yakimpaka shati jeupe.

Mwezi uliofuata kibanda kilikuwa wazi. Kila chungu kipya kilipelekwa kwa bibi, akakipikia mlenda mpaka kikawa cheusi, kisha mwenyekiti akakimegua mdomo kidogo kwa jiwe. Wageni walikuja, vyungu vikaenda. Mkuu wangu aliendelea kuhutubia juu ya usafi, na kina mama walimpigia makofi kwa moyo mmoja. Kijiji kizima kilichoka mlenda.

Mimi ndiye niliyekosa amani. "Mama, huu si uongo?"

"Uongo upi? Chungu kimepika, hakijapika?"

"Kimepika."

"Basi."

Baadaye yule mgeni wa kwanza alimtumia bibi picha: chungu chake juu ya meza ya kioo, na maua makavu ndani. Nilimpelekea mwenyewe, nikitazamia acheke tena. Hakucheka. Aliishika picha muda mrefu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Maskini mama wa watu," akasema taratibu. "Jiko lake liko wapi?"

Siku ile nilibaki kwake hadi jua lilipopungua, tukachambua mboga pamoja, naye akanifundisha jina la kila jani kwa Kigogo, akinisahihisha bila huruma. Mafunzo yangu yalipokwisha, mkuu wangu aliniuliza nimejifunza nini kwa wafinyanzi. Nikamwambia nimejifunza uvumilivu. Alifurahi sana, ndilo jibu alilolitegemea.