Jina la Mjomba Aliyebaki Jangwani

Kitabu nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Morogoro. Ni kumbukumbu za rubani Mjerumani wa ndege za kivita, aliyepigana Afrika Kaskazini katika Vita Kuu ya Pili. Kijerumani nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi kuukuu ya misheni, kwa hiyo nasoma polepole. Nilipofika mahali anaposimulia alivyoshambulia msafara wa malori ya maji jangwani, nilimtajia jirani yangu, muuza mdalasini kutoka Kinole. Kesho yake bibi yake aliteremka kutoka mlimani.

Mjomba wa bibi huyo alichukuliwa na Waingereza kuendesha lori la maji vitani. Hakurudi. Mwenzake aliyerudi alisema ndege iliupiga msafara wao siku ya Idi ya baada ya mfungo, kila mtu akakimbia njia yake, maiti ya mjomba hakuiona. Kwetu Uluguruni jina la marehemu hurithiwa na mtoto wa ukoo wake. Wazee walikataa kulitoa jina hili, kwa kuwa hakuna aliyeshuhudia kifo. Sasa bibi alikuwa na kitukuu mchanga, na ukooni alibaki yeye tu anayemkumbuka mjomba.

"Nataka mtu aseme aliona," aliniambia. "Hata kama ni huyo Mjerumani wako."

Rubani hakupenda kuandika tarehe. Nikafuata kikosi chake, viwanja alivyohamishiwa, ndege alizopewa, nishani alizovishwa, nikavipanga kwa mfuatano. Mwaka tuliujua kutoka kwa yule mwenzake mjomba aliyerudi. Idi niliitafuta katika kalenda za zamani. Iliangukia wakati rubani amelazwa hospitali kwao Ujerumani, akiugua ini. Msafara alioupiga ulikuwa mwingine, wa miezi kadhaa kabla.

"Kaka, si umwambie tu ndiyo?" jirani alisema. "Nani atakwenda Ujerumani kuuliza?"

Niliifikiria sana kauli hiyo. Lakini mtoto angelibeba jina hilo maisha yake yote, na mimi ningekuwa nimelijenga juu ya uongo. Nilipanda Kinole.

"Shikamoo, Bibi. Si yeye. Siku ile alikuwa mgonjwa kwao."

Aliendelea kugeuza mdalasini kwenye mkeka.

"Na hao aliowapiga, anasema aliwaona nyuso?"

"Hapana. Anasema aliona vumbi na moshi."

"Basi hata angekuwa yeye, angeniambia nini?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi nilimwona mjomba akishuka njia ile pale, nikamlilia hadi akapotea. Hajapanda tena. Wazee wakitaka shahidi, wanione mimi."

Wazee waliukubali ushahidi wake. Ijumaa iliyofuata ilisomwa dua, jina likatolewa. Bibi alipopakatishwa mtoto, alimwinamia.

"Shikamoo, mjomba."

Mtoto akapiga chafya, na wanawake wakacheka. "Usijifanye mkubwa," bibi akamwambia, "itikia." Kisha akajifunika uso kwa kanga, na hakuna aliyecheka tena.